Kuuza nyumba yako Hai Mauna, Juba, bila dalali: unachopaswa kujua na hatua za kufuata

Makala hii ni kwa mtu mwenye nyumba au ploti Hai Mauna, mjini Juba, anayetaka kuiuza mwenyewe bila kupitia dalali, ambaye Juba wengi humwita simsar. Huenda bado unaishi Juba. Huenda uko Kakuma, Kalobeyei, Bidi Bidi, Rhino Camp, Kiryandongo au Adjumani, na nyumba imebaki mikononi mwa ndugu, mpangaji au mtu usiyemfahamu. Mengi yaliyoandikwa hapa yatamfaa pia mnunuzi, na mwenye nyumba katika mitaa mingine ya Juba kama Gudele, Munuki na Hai Referendum.

Makala inatoa maelezo ya jumla. Haichukui nafasi ya wakili.

Dalali hufanya kazi gani hasa?

Watu wengi humkwepa dalali kwa sababu ya pesa. Tuseme nyumba inauzwa dola 20,000 na mmekubaliana asilimia 10. Hapo dola 2,000 zinaondoka. Wapo pia wanaoweka "cha juu": wewe umetaja 20,000, yeye anamwambia mnunuzi 25,000, na tofauti inaingia mfukoni mwake bila wewe kujua.

Lakini dalali hafanyi kazi ya kutafuta mnunuzi tu. Yeye huwa kati ya watu wawili wasiojuana. Mnunuzi humwuliza: "Huyu kweli ndiye mwenye nyumba?" Muuzaji naye humwuliza: "Huyu kweli ana pesa?" Ukimwondoa dalali, maswali hayo yanabaki, na wewe ndiye utakayeyajibu. Utayajibu kwa karatasi, kwa majirani na kwa mashahidi. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo vitatu, usianze kutangaza nyumba. Vitafute kwanza.

Kabla ya yote: je, ni lazima uuze?

Kwa familia nyingi zilizokimbia baada ya vita vya Desemba 2013 au mapigano ya Julai 2016 mjini Juba, nyumba ndiyo mali pekee iliyobaki. Mtu anayeuza akiwa na shida ya karo, hospitali au chakula huuza kwa bei ya shida, na mnunuzi anajua hivyo. Pesa huisha, na kununua tena Juba kwa bei hiyohiyo huwa vigumu.

Jiulize kwanza:

- Je, nyumba inaweza kupangishwa, na kodi ikatumwa kwako kila mwezi?
- Je, ploti ni kubwa kiasi cha kuuza sehemu tu, na sheria inaruhusu igawanywe?
- Je, kuna ndugu wa kuaminika anayeweza kukaa humo kama mlinzi, kwa makubaliano ya maandishi?
- Familia ikirudi Juba, italala wapi?

Ukiona bado kuuza ndiyo njia, endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 1: Jua unachouza

Sheria ya Ardhi ya Sudan Kusini ya mwaka 2009 inagawa ardhi katika aina tatu: ardhi ya umma, ardhi ya jamii na ardhi binafsi. Ardhi inayozunguka Juba ni ardhi ya jadi ya jamii ya Wabari, na mitaa mingi ya mji imekua juu yake, mingine kwa kupimwa na serikali, mingine kabla ya kupimwa. Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kuwa na karatasi tofauti kabisa.

Angalia uko katika kundi gani:

- *Una mkataba wa kukodi ardhi uliosajiliwa.* Ploti imepimwa, ina namba na bloku, na jina lako liko katika ofisi ya usajili wa ardhi iliyo chini ya mahakama. Hili ndilo kundi lenye nguvu zaidi. Kumbuka kwamba mkataba wa aina hii una muda. Ploti za Juba zimewekwa kwa madaraja, na kila daraja lina ukubwa wake na muda wake. Ikiwa imebaki miaka michache, mnunuzi ana haki ya kujua, na bei itashuka.
- *Una karatasi ya kugawiwa ploti na risiti, lakini hukusajili.* Una madai yenye uzito, lakini hayajakamilika. Ni bora umalize usajili kwanza. Ikishindikana, mwambie mnunuzi ukweli na uuandike katika mkataba.
- *Ulipewa mahali na chifu au na jamii, au ulinunua kwa mtu kwa karatasi ya mkono.* Hapa unauza jengo pamoja na nafasi uliyopewa. Usimwahidi mnunuzi hati ambayo wewe mwenyewe huna. Chifu na wazee waliokupa mahali wanapaswa kujua kwamba unauza na kushuhudia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kusanya mkataba wa ardhi, karatasi ya kugawiwa, mchoro wa ploti, risiti za ada, makubaliano ya zamani ya kununua, cheti cha uraia (jinsiya) au pasipoti yako. Karatasi za zamani zinaweza kuwa za Kiarabu, na mpya za Kiingereza. Zote zina thamani. Zile zilizo na majina yaliyoandikwa tofauti tofauti zihitaji tamko la kiapo kwamba ni mtu mmoja.

Hatua ya 2: Fanya upekuzi kabla mnunuzi hajakuomba

Juba kuna kesi nyingi za ploti moja kuwa na hati za watu wawili au watatu. Wakati mwingine ploti ilipewa mtu mwingine mwenyewe akiwa uhamishoni. Wakati mwingine hati ilighushiwa.

Nenda, au mtume mwakilishi wako, katika ofisi ya usajili wa ardhi na uombe cheti cha upekuzi, ambacho kwa Kiarabu huitwa shahadat bahs. Cheti hiki huonyesha jina lililosajiliwa na kama kuna deni au zuio juu ya ploti. Kisha uliza katika wizara ya jimbo la Equatoria ya Kati inayoshughulikia ardhi kama namba ya ploti inalingana na ramani yao, ni ada zipi hazijalipwa, na kama kwa sasa uhamisho wa umiliki unaendelea kama kawaida. Shughuli za ardhi husimamishwa na serikali mara kwa mara, na ni vyema kujua mapema kuliko kukwama katikati huku ukiwa umeshapokea pesa.

Cheti cha upekuzi cha karibuni hujibu swali la kwanza la mnunuzi kabla hajaliuliza.

Hatua ya 3: Kubalianeni nyumbani

Mauzo mengi huvunjika kwa sababu ya ndugu kuliko kwa sababu ya mnunuzi. Mume anauza, mke hajui. Kaka mkubwa anauza nyumba ya marehemu baba, wadogo wako Uganda na hawajaulizwa.

Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 inampa mwanamke haki ya kumiliki mali na kushiriki urithi wa mume wake pamoja na warithi wengine halali. Mjane anayeambiwa kwamba "nyumba ni ya ukoo wa mume" ana hoja ya kisheria mkononi, na mnunuzi anayelipa bila kumwuliza anajitafutia kesi.

Fanya hivi:

- Ikiwa nyumba ni ya mke na mume, wote wawili wasaini.
- Ikiwa aliyeiandikisha amefariki, pata kwanza amri ya mahakama inayotaja warithi. Usiuze kwa jina la marehemu.
- Andikeni kikao cha familia katika karatasi moja: nani alikuwepo, nani amekubali, pesa zitagawanywa vipi. Wote wasaini.

Hatua ya 4: Panga bei

Bei inayotajwa na mwenye nyumba mtaani ni bei anayoitamani. Tafuta bei ambayo watu walilipa kweli. Uliza majirani watatu au zaidi: ploti ipi imeuzwa hapa mwaka huu, ilikuwa na hati gani, pesa zililipwa kwa mkupuo au kidogo kidogo? Linganisha na yako kwa mambo haya: aina ya hati, ukubwa, umbali kutoka barabara kuu, maji, umeme, choo, ukuta, jengo la matofali au tukul, na kama maji ya mvua hutuama hapo msimu wa mvua.

Amua bei tatu na uziandike mahali pako pa siri: utakayotaja, utakayofurahia, na ya mwisho kabisa ambayo chini yake huuzi.

Kuhusu sarafu: nyumba Juba hutajwa bei kwa dola, lakini wengi hulipa kwa pauni ya Sudan Kusini. Desemba 2015, Benki Kuu ilipoacha kiwango kisichobadilika, dola ilipanda kutoka pauni 2.96 hadi zaidi ya pauni 18 mara moja, na tangu hapo pauni imezidi kuanguka. Mtu aliyekubali kulipwa pauni kwa awamu za miezi sita anaweza kujikuta ameuza kwa nusu bei. Muulize wakili ni sarafu gani inaruhusiwa kwa mikataba kwa sasa. Andika kiasi, sarafu, na kiwango cha kubadilishia kitakachotumika siku ya malipo.

Hatua ya 5: Tangaza bila kujianika

Anza na walio karibu. Jirani anayetaka kupanua ua wake mara nyingi ndiye mnunuzi bora, maana anaijua ploti na anamjua mwenyewe. Waambie wazee wa mtaa, kanisa, msikiti, na ndugu wa Juba walio nje. Makundi ya WhatsApp na Facebook husaidia, lakini kuwa mwangalifu:

- Usiweke picha ya hati yako mtandaoni. Mghushi anahitaji picha moja tu.
- Usitaje namba kamili ya ploti katika tangazo. Taja mtaa, ukubwa na aina ya hati.
- Usiseme kwamba nyumba ni tupu au kwamba mwenyewe yuko ng'ambo. Nyumba tupu huvamiwa.
- Onyesha hati halisi ana kwa ana, kwa mtu aliyeonyesha kitambulisho chake, mbele ya shahidi wako. Nakala unayotoa iandikwe juu yake tarehe, jina la aliyepewa, na maneno "kwa ukaguzi tu".

Mwonyeshe mnunuzi nyumba mchana, ukiwa na mtu wako. Wacha aongee na majirani bila wewe kusimama pale. Ukikataa, atashuku.

Dalali akija na kusema ana mteja tayari, mwambie wazi kama utamlipa au la, na kiasi gani, kabla hajamleta mtu. Ukikaa kimya, baadaye anaweza kudai.

Hatua ya 6: Andikeni mkataba

Mkataba wa mauzo uandikwe na wakili, hata kama umemkwepa dalali. Gharama ya wakili ni ndogo ukiilinganisha na kesi ya ardhi. Muuzaji na mnunuzi wasitumie wakili mmoja ikiwa wanaweza kuepuka. Mkataba uwe na:

- majina kamili na vitambulisho vya pande zote mbili;
- namba ya ploti, bloku, mtaa na vipimo;
- aina ya haki inayouzwa na muda uliobaki;
- bei, sarafu, tarehe za malipo, na nini kitatokea malipo yakichelewa;
- nani analipa ada za uhamisho na madeni ya zamani;
- nani yumo ndani ya nyumba na ataondoka lini;
- siku ya kukabidhi funguo;
- mashahidi wawili wa kila upande, akiwemo jirani anayepakana nawe.

Mjulishe kiongozi wa baraza la mtaa. Muhuri wake haukupi umiliki, lakini siku ya ugomvi yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Hatua ya 7: Pesa na hati vibadilishane pamoja

Hapa ndipo muuzaji asiye na dalali huumia. Kanuni ni moja: hati halisi isitoke mkononi mwako kabla pesa hazijafika, na usidai pesa zote kabla mnunuzi hajaona uhamisho ukisainiwa.

Njia iliyo salama zaidi ni kulipa kupitia benki, pesa ziingie katika akaunti yako, kisha msaini uhamisho siku hiyohiyo. Kama ni pesa taslimu, hesabuni ndani ya benki au ofisi ya wakili, kagueni noti bandia, na msitembee nazo usiku. Kila malipo yawe na risiti yenye tarehe, kiasi, na saini za wote. Amana ya mwanzo iwe ndogo, na karatasi iseme kama inarudishwa au hairudishwi.

Baada ya hapo, pande zote zipeleke karatasi katika ofisi za ardhi na usajili ili jina libadilishwe. Usiondoke Juba kabla jina halijabadilika. Jina lako likibaki katika kitabu, ada na kesi za ploti hiyo zitaendelea kukutafuta wewe.

Ukiwa kambini au makaziani: kuuza ukiwa mbali

Unaweza kumpa mtu uwezo wa kuuza kwa niaba yako kwa hati ya uwakilishi, ambayo Juba huitwa tawkil. Kwa kawaida husainiwa mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kushuhudia hati, kisha huthibitishwa na mamlaka za nchi uliyomo na ubalozi wa Sudan Kusini, ulioko Nairobi au Kampala.

Zingatia mambo mawili.

La kwanza ni hadhi yako ya ukimbizi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema hadhi inaweza kukoma mtu akijiweka tena kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake. Kwenda ubalozini mara moja kwa ajili ya karatasi hakumaanishi moja kwa moja kwamba umepoteza hadhi, na hali za watu hutofautiana. Kabla ya kwenda ubalozini au kusafiri Juba, ongea na UNHCR au wakili wa wakimbizi. Ibara ya 25 ya mkataba huohuo inaitaka nchi iliyokupokea ikusaidie kupata hati ambazo kwa kawaida ungezipata kwa mamlaka za nchi yako. Uliza kuhusu njia hiyo.

La pili ni mipaka ya mwakilishi. Hati ya uwakilishi iliyoandikwa "afanye lolote" ni hatari, hata kwa ndugu. Iandike hivi: ploti ipi, bei isiyopungua kiasi gani, pesa ziingie akaunti gani, na hati iishe tarehe gani. Mtu wa kupokea pesa na mtu wa kusaini wakiwa wawili tofauti, ni bora zaidi. KCB na Equity zina matawi Juba, Kenya na Uganda. Uliza tawi lako mapema jinsi pesa zitakavyofika na kitambulisho gani kitakubalika.

Kama kuna mtu ndani ya nyumba yako

Huenda ni mpangaji, ndugu, familia nyingine iliyokimbia vita, au mtu mwenye silaha. Usimwambie mnunuzi kwamba "ataondoka tu". Usitume vijana wamtoe kwa nguvu. Anza na chifu na baraza la mtaa, kisha mahakama. Mkubaliane kwa maandishi muda wa kuhama. Ukiuza nyumba yenye mtu ndani bila kusema, umemuuzia mnunuzi kesi.

Usikae kimya pia kwa miaka. Sheria ya 2009 ilitambua haki ya kurudishiwa ardhi kwa waliofurushwa na vita tangu 16 Mei 1983, lakini ikaweka muda wa miaka mitatu wa kuwasilisha madai. Haki inaweza kuwepo na muda wake ukapita. Andikisha dai lako mapema, hata kama huna mpango wa kuuza sasa.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Nimepoteza hati zote nilipokimbia. Naweza kuuza?*
Si mara moja. Anza kwa kutafuta jina lako katika ofisi ya usajili. Toa taarifa ya kupotea polisi, kusanya ushahidi wa majirani, risiti na picha za zamani, kisha uombe nakala.

*Mimi ni Mkenya au Mganda, nafanya biashara Juba. Naweza kununua nyumba Hai Mauna?*
Sheria ya Ardhi haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja. Anaweza kuikodi kwa muda, usiozidi miaka 99. Kuandikisha ploti kwa jina la rafiki raia ni hatari: mbele ya sheria, mwenye mali ni rafiki.

*Je, naweza kuuza nyumba yangu ya kambini au makaziani kwa njia hii?*
Hapana. Ploti uliyogawiwa kambini au katika makazi ya wakimbizi si mali yako ya kuuza. Kanuni za Wakimbizi za Uganda za mwaka 2010 zinakataza mkimbizi kuuza au kupangisha ardhi aliyogawiwa. Mwenyeji au mkimbizi anayeinunua hapati kitu ambacho sheria inakitambua.

*Mnunuzi ananiharakisha, anasema kuna ploti nyingine. Nifanyeje?*
Mwache aende kuitazama. Mnunuzi wa kweli husubiri cheti cha upekuzi, kwa sababu kinamlinda yeye kuliko wewe.

Mahali pa kupata msaada

- Ofisi za Baraza la Wakimbizi la Norway (NRC) hutoa ushauri wa bure wa kisheria kuhusu nyumba, ardhi na mali katika nchi kadhaa za ukanda huu, zikiwemo Sudan Kusini na Uganda.
- Ofisi ya UNHCR au washirika wake wa kisheria katika kambi au makazi yako. Uliza kwenye dawati la ulinzi.
- Mjini Juba: ofisi ya usajili wa ardhi ya mahakama, wizara ya jimbo inayoshughulikia ardhi, na baraza la mtaa wako.

Huduma rasmi zikiwa na ada, dai risiti. Mtu anayekuomba pesa pembeni ili "kuharakisha hati" huenda ndiye atakayempa mtu mwingine hati ya ploti hiyohiyo kesho.